Wazee sita, Alhamisi mbili zimebaki: tuone filamu gani kabla ya Oscar?

Babu wa Makongeni
Jumapili, 16 Februari 2025

Hamjambo nyote. Mimi ni mzee wa miaka 71, kazi yangu ilikuwa ishara za reli mpaka nilipostaafu. Nina swali moja tu lakini litachukua maneno mengi, mnivumilie.

Hapa mtaani tuko wazee sita, wanaume watatu na akina mama watatu. Kila Alhamisi saa nane mchana tunakutana sebuleni kwangu kuangalia filamu. Runinga ni ya inchi 43, zawadi ya binti yangu. Mke wangu si mwanachama, yeye husema ana kazi za maana, lakini chai na mandazi ni yake. Mwaka huu tulisema tusiangalie ovyo ovyo. Majina ya Oscar yalipotangazwa tarehe 23 Januari, niliandika yote kumi ya Filamu Bora nyuma ya kalenda ya mwaka jana, tukakubaliana tuone zile tutakazopata, halafu tupige kura yetu sisi wenyewe kabla ya wale wa Los Angeles kutangaza yao. Wao ni Jumapili ya tarehe 2 Machi. Kwetu itakuwa saa tisa usiku, kuamkia Jumatatu.

Mpaka sasa hesabu yetu si nzuri.

Alhamisi ya kwanza tuliona Conclave. Hiyo haikuwa na shida. Makadinali wamefungiwa ndani wachague Papa, wananong'onezana kwenye ngazi, wanahesabiana kura, utadhani ni mkutano wa chama cha akiba na mikopo siku ya uchaguzi. Kadinali wa kutoka Nigeria ameigizwa na Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania, basi chumba kizima kikaamua huyo ni wetu na kikampigia debe mpaka mambo yakamwendea mrama. Sitasema vipi.

Ya pili ilikuwa Dune: Part Two. Dakika 166 za mchanga. Nusu ya safari watatu walikuwa wamelala, mmoja anakoroma sambamba na muziki, na mimi niliyekuwa macho sikujua nani ni nani kwa sababu kila mtu amefunika uso. Sikatai kwamba ni kazi kubwa. Ninasema tu kwamba mtu akiniuliza vita vilikuwa vya nini nitamwambia tuzungumze kuhusu bei ya sukari.

Ya tatu ndiyo imenileta hapa. Mwanangu aliniambia, "Baba, tafuta Anora, imechukua tuzo kubwa ya Cannes, watu wanasema ndiyo itashinda." Hakuongeza neno. Sasa, kati yetu kuna mama mmoja mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, hukaa kile kiti cha karibu na dirisha. Filamu imeanza, chai haijamiminwa, na tayari chumba kimejaa wasichana wasio na nguo wanaowakalia wanaume mapajani. Nikatafuta rimoti. Rimoti ilikuwa imekaliwa na mama mzee wa kanisa. Hakuna aliyekohoa. Nilisimama mbele ya runinga nikatandaza mikono kama mtu anayesimamisha gari-moshi, na nyuma yangu muziki unaendelea. Yule mama akachukua mkoba wake akasema anakwenda kuangalia kuku. Hafugi kuku.

Kwa hiyo swali ni hili. Tumebakiwa na Alhamisi mbili, tarehe 20 na 27. Kwenye kalenda kumebaki The Brutalist, A Complete Unknown, Emilia Pérez, I'm Still Here, Nickel Boys na The Substance. Wicked nimeiondoa, niliiona Desemba na mjukuu kwenye ukumbi wa moli moja. Sauti ilinitikisa meno ambayo si yangu, ngazi zilikuwa giza nikashuka nimeshika bega la mtoto wa miaka tisa, na baada ya dakika 160 nikaambiwa hiyo ni nusu ya hadithi.

Tuchague zipi mbili? Na tafadhali msiniambie nitafute "kitu kilichotulia". Vijana wetu wote wanatuambia hivyo, kana kwamba tukishangaa tutakufa. Tunataka tusikie kinachosemwa, tumwone anayekisema, na mwenye mkoba asiondoke.

Kevo wa Flashi
Jumapili, 16 Februari 2025

Heshima zako mzee. Hiyo ya kuku imenimaliza, nimewasomea watu hapa dukani.

Mimi nauza movie Ngara, unakuja na flashi yako ama unachukua yangu, shilingi 50 moja, tatu kwa 100. Wateja wa rika lako ninao wengi. Wakiingia wanauliza za kauboi, za Kihindi za zamani, na karate. Hakuna aliyewahi kuniuliza ya Oscar, wewe ndiye wa kwanza.

Sasa nikupe ukweli wa stoki. The Brutalist nitakuwa nayo kufikia Jumatano, picha safi. Lakini jua urefu wake ni saa tatu na dakika 35. A Complete Unknown, ile ya Bob Dylan, bado sina nzuri. Iliyoko mtu ameshika simu ndani ya ukumbi, unaona vichwa. Emilia Pérez ndiyo imeteuliwa mara nyingi kuliko zote, mara 13, ni ya Kihispania, bosi wa genge anabadilishwa kuwa mwanamke, na wanaimba. Hiyo, mzee, pima mwenyewe ukikumbuka kuku. The Substance usiguse kabisa. Jamaa mmoja alinirudishia flashi akitaka pesa yake na soda juu.

Nitakuwekea zote kwa flashi moja uchague.

Bi Mwalimu, Pangani
Jumatatu, 17 Februari 2025

Babu, salamu. Mimi nimestaafu ualimu, nina miaka 66, na nimesoma ulichoandika nikiwa nimetoka kanisani jana, ambako padri ametuomba tumwombee Baba Mtakatifu. Amelazwa hospitali ya Gemelli, Roma, tangu Ijumaa. Mlifanya vyema kuiona Conclave mapema, maana inaanza na Papa kitandani, amekwisha kukata roho, na leo nisingeiweza. Mwaka 2015 tarehe 26 Novemba nilisimama viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi tangu usiku, mvua inatunyeshea, ili nimwone Papa Francis akipita. Viatu vile sijavitupa.

Ila kuna jambo hamkuliona, au hukulisema. Kadinali akishafikisha miaka 80 haruhusiwi kupiga kura. Hata kule wazee wenyewe wanaambiwa wakae nje. Na yule mtawa, Sista Agnes wa Isabella Rossellini, dakika zake ni chache mno, anasema maneno yake machache, anainama kidogo kwa adabu, anaondoka, na wanaume wote wamebaki kama watoto waliokamatwa na sukari. Kwa kile kiinamio tu nimempa tuzo.

Sasa wewe Kevo. Mwanangu, umesema The Substance isiguswe. Nakubali damu ni nyingi, kile kipande cha mwisho nilikitazama kupitia vidole. Lakini fikiria: katika filamu kumi ni hiyo inayozungumza waziwazi kuhusu mtu kuzeeka, na ndiyo mnayotukataza. Demi Moore, aliyezaliwa 1962, ni mwanamke wa kipindi cha mazoezi cha runinga ambaye anafukuzwa siku anayotimiza miaka 50. Kuna pahali anajiandaa kutoka na mwanamume aliyesoma naye. Amevaa, amependeza. Anafika mlangoni anarudi kwenye kioo, anaongeza rangi ya mdomo. Anakwenda, anarudi, anajifunika kifua kwa skafu. Anarudi tena. Mwishowe anajisugua ule uso kwa kiganja, anausugua kama mtu anayetaka kuung'oa, na hatoki nyumbani usiku ule. Hakuna tone la damu hapo. Nilisimamisha filamu nikaenda kuchemsha maji ambayo sikuyahitaji.

Sisemi uiweke mbele ya mwenye mkoba. Nasema ikizungumzwa isitajwe kama uchafu tu.

Kwenye swali lako: Alhamisi moja wape I'm Still Here. Sijaiona mwenyewe. Binti yangu yuko Lisbon, iliingia kumbi za huko Januari, akanipigia simu akiwa bado barabarani anatoka ukumbini. Ni ya Brazil, ya Walter Salles. Mwaka 1971, wakati wa utawala wa kijeshi, Rubens Paiva, aliyewahi kuwa mbunge, anachukuliwa nyumbani kwake Rio mchana kweupe, na mkewe Eunice anabaki na watoto watano. Mke ameigizwa na Fernanda Torres. Akizeeka, anachukua nafasi mama mzazi wa Fernanda mwenyewe, Fernanda Montenegro, bibi wa miaka 95. Huyo mama aliteuliwa kwa tuzo hiyohiyo ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1999, sasa zamu ni ya binti. Tatizo ni lugha. Ni Kireno, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, nanyi mna inchi 43.

Fundi wa Projekta
Jumatatu, 17 Februari 2025

Wazee wenzangu, habari za masiku. Nilianza kazi ya sinema 1974 kama kijana wa kubeba makopo ya mikanda, nikatoka nikiwa fundi wa chumba cha juu. Siutaji ukumbi wangu, ulifungwa vibaya na wengine tulikuwa tunadai. Ila mji wote naujua. Shan ya Ngara siku hizi ni Sarakasi Dome, angalau bado watu wanacheza humo. Odeon limebaki jina la steji. Bellevue vilevile, kondakta anaita "Bellevue!" na abiria aliyemo hajui kwamba pale palikuwa na sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, tulikuwa tunaning'iniza spika dirishani.

Ninakwambia, The Brutalist ione. Usiogope saa tatu na nusu, kwa sababu ndani yake kuna mapumziko. Mapumziko ya kweli! Dakika 15, picha ya harusi imesimama kwenye kioo, saa inahesabu kurudi nyuma. Nilipoiona nilikaribia kusimama nitafute mtu wa sambusa. Zamani filamu ilianza kwa wimbo wa taifa, sote tumesimama wima, na katikati taa zikawaka, ukanyoosha miguu, ukamwuliza jirani yako yule mwenye kofia ni nani hasa. Nani aliamua kwamba mtu wa leo hana kibofu?

Jambo la pili ni la kifundi, mnisamehe. Wameipiga kwa VistaVision, mtindo ambao kampuni ya filamu ya Paramount waliutoa 1954. Kwenye kamera za kawaida mkanda wa milimita 35 unashuka wima, kila picha inachukua matundu manne. Kwenye VistaVision mkanda unapita kwa ubavu, picha moja matundu manane, kwa hiyo inapata nafasi mara mbili na zaidi. Ndiyo maana yale majengo ya saruji yanaonekana mpaka mchanga wake. Na wote hawakutumia hata dola milioni 10. Mikanda yetu ilikuwa ya dakika kama 20 kila mmoja. Ukiangalia pembe ya juu kulia utaona kidoti, unawasha mashine ya pili. Kidoti cha pili kikija unahamisha. Ukipiga chafya hapo katikati, ukumbi mzima unaona kioo cheupe na unatukanwa kwa lugha nne. Filamu hii ingekuwa mikanda kumi na kitu. Mikono yangu imewasha nikihesabu.

Mwisho, hiyo runinga yako. Filamu za siku hizi zimetengenezwa kwa ajili ya spika nyingi ukutani, na ya kwako ina mbili ndogo zinazotazama ukuta. Ndiyo maana milio inakutoa roho na maneno huyasikii. Ingia kwenye sehemu ya sauti, chagua ile ya mazungumzo, punguza besi. Kwenye picha, zima ile inayolainisha mwendo, inafanya kila kitu kionekane kama taarifa ya habari. Na ufunge mapazia, bwana. Filamu za giza haziangaliwi saa nane mchana dirisha likiwa wazi.

Msema Kweli, Umoja
Jumanne, 18 Februari 2025

Mnajisumbua. Oscar ni ya Marekani, wanapeana wao kwa wao. Sisi tunatumika kama mandhari. Out of Africa ilipigwa hapa, ikabeba tuzo saba mwaka 1986, nani wetu alipanda jukwaani? Watu wetu walikuwa wanabeba masanduku nyuma ya Meryl Streep. Tangu Nairobi Half Life mwaka 2012 tunapeleka filamu zetu kugombea ile ya kimataifa, safari hii tumepeleka Nawi, ya msichana wa Turkana anayekataa kuozwa, na haimo hata kwenye orodha. Watu Wote iliteuliwa 2018 kwenye filamu fupi, ni Kiswahili na Kisomali kitupu, imepigwa Kenya, lakini mkurugenzi ni Mjerumani. Lupita peke yake ndiye wa kujivunia, 2014. Angalieni za nyumbani.

Babu wa Makongeni
Jumanne, 18 Februari 2025

Msema Kweli, za nyumbani tunaangalia. Nawi ikipatikana, kiti chako kipo, njoo.

Lakini kwa hayo masanduku umenigusa. Mmoja wa wabeba masanduku alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mwisho wa mama. Mwaka 1985 waliokotwa na lori asubuhi, wakavalishwa nguo za kizamani, wakaambiwa watembee kutoka hapa hadi pale, tena na tena, jua kali, Wazungu wanapiga kelele kwenye bomba la kupaza sauti. Alilipwa pesa ya siku akanunua redio. Ilipokuja kuonyeshwa mjini alinichukua twende. Anaonekana muda wa kupepesa macho mara mbili, kichwa kimegeuka upande. Akasimama katikati ya watu: "Ndiye mimi huyo!" Watu wa nyuma wakamwambia akae chini. Alirudi mara nne, kila mara na mtu mwingine wa ukoo.

Alipokufa, kwenye kusoma wasifu wake kaburini, shemeji yangu alisema marehemu alishiriki katika filamu iliyopata Oscar saba. Hakuna aliyepinga. Kwa hiyo usiniambie hakuna wetu. Moja ya zile saba tunaihesabu ni ya kwetu, na redio bado ipo, haishiki stesheni.

Fundi, nimebadilisha sauti. Mke wangu ameuliza kama nimenunua runinga nyingine.

Babu wa Makongeni
Ijumaa, 21 Februari 2025

Ripoti ya jana, kwa ufupi. Tumeona The Brutalist yote. Dakika 15 za mapumziko, wazee sita, choo kimoja: tulipanga foleni kwa umri na wa mwisho alitoka zikiwa zimebaki sekunde 40, tukampigia makofi. Ningependekeza wapiga picha wa dunia nzima waongeze tano.

Adrien Brody ni msanifu wa majengo kutoka Hungaria, ametoka kwenye kambi za mateso, anafika Amerika, na ile Sanamu ya Uhuru anaiona imepinduka kichwa chini. Nilipenda sehemu ya kwanza kuliko ya pili. Kwenye ya pili yule tajiri aliyempa kazi ya kujenga anafanya jambo ambalo lilinyamazisha chumba, na mwenye mkoba alishika mkoba, lakini hakusimama. Jirani yangu, ambaye alikuwa fundi wa mawe, alibaki akizungumzia ile saruji hadi jioni. Anasema ule mwanga unaoingia kwa dari hauwezi kukaa pale unapokaa. Sijui. Yeye ndiye anajua.

Babu wa Makongeni
Ijumaa, 28 Februari 2025

Nimechelewa kuandika kwa sababu jana watu walitoka kwangu saa moja na nusu usiku.

Kevo alipata I'm Still Here Jumatano jioni, sikumwuliza ameitoa wapi. Shida ikawa ile aliyoisema Bi Mwalimu. Maandishi ni madogo na yanapita mbio, mmoja wetu ana mtoto wa jicho, mwingine Kiingereza chake ni cha kusalimia. Tulikuwa karibu kuizima. Basi mama mzee wa kanisa akasema, "Nileteeni miwani." Akavuta kiti hadi mbele, akaanza kusoma. Hasomi Kiingereza, anakisoma kwa macho na kinatoka Kiswahili, kwa ile sauti anayosomea Waraka siku ya Jumapili. Tukampa jina la DJ Afro, yule anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Alikataa kwa dakika tano hivi, baadaye akawa anabadilisha sauti, watoto sauti ya watoto, polisi sauti ya polisi.

Nusu saa ya mwanzo ni familia tu. Ufuo, muziki, mbwa, nyumba imejaa watu. Halafu wale wanaume wanakuja, bwana anavaa tai yake, anaondoka nao, na wengine wanabaki ndani wamefunga mapazia. Na sisi tulikuwa tumefunga mapazia, kwa maagizo ya Fundi.

Kuna pahali baadaye mpiga picha wa gazeti amekuja, anataka kumpiga mama na watoto wake. Wamepangwa, wanacheka. Anawaambia mhariri anataka picha isiyo na furaha sana. Mama anakataa, anawaambia watoto watabasamu. Hapo msomaji wetu alinyamaza. Maandishi yakapita, akayaacha. Hakuna aliyemhimiza, tulikuwa tumeelewa.

Ilipofika mwaka 1996, Eunice amekwisha kusomea sheria, anapewa cheti cha kifo cha mumewe baada ya miaka 25, anakishika mbele ya waandishi wa habari kama mtu aliyepewa zawadi. Nikasikia sahani. Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo, na nikiangalia vile mandazi yalivyokuwa yamepoa, alikuwa amesimama pale muda mrefu.

Tukaenda kwenye kura. Tulifanya kama wale wenyewe wanavyofanya kwa Filamu Bora: hawaweki tiki moja, kila mmoja wa wale karibu 10,000 anapanga filamu kwa mfuatano, ya mwisho inaondolewa, na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la mwenyewe. Sisi tulitumia maharagwe na vikombe vinne. Anora hatukuihesabu, ilikuwa haijamalizwa. Conclave ikapata tatu, I'm Still Here mbili, The Brutalist moja, ya fundi wa mawe bila shaka. Dune hata moja. Tukamwomba fundi wa mawe ahamishe haragwe lake, akalishikilia, akasema saruji ile haitendewi haki, mwishowe akaliweka kwa ya Brazil. Tatu kwa tatu.

Mabishano yakaanza. Watu wa Conclave wanasema yao ina fumbo, inakufanya ukisie mpaka dakika ya mwisho, na ni kweli. Mmoja akasema ile nyingine si sinema, ni msiba.

Mke wangu akaja akakaa, jambo ambalo hafanyi. Akasema, "Mnamkumbuka yule mama wa nyumba ya kona?" Mwaka 1986 tulikuwa tunaishi mtaa mwingine. Mume wa yule mama alikuwa mwalimu. Walikuja watu watatu jioni wakasema anakwenda kujibu maswali mawili, atarudi kula. Mke wangu akasema alikuwa akimwona yule mama kila Jumapili akipiga pasi mashati ya mumewe, matano, anayatundika, na Jumapili inayofuata anayapiga pasi tena, na hayajavaliwa. Alifanya hivyo mpaka walipohama. "Huyu wa filamu amepewa karatasi," akasema. "Yule hakupewa hata karatasi." Mimi nimeishi na mke wangu miaka 46 na hiyo ya mashati sikuwahi kuisikia.

Akachukua haragwe kwenye sinia akaliweka kwenye kikombe cha Brazil, akaenda kupasha chai moto. Kuna aliyetaka kusema yeye si mwanachama. Mwenye mkoba alimtazama.

Kwa hiyo yetu ndiyo hiyo, nne kwa tatu, wale wa Los Angeles wafanye wanavyotaka. Nimeweka saa iite saa nane na nusu usiku kuamkia Jumatatu, na wawili wamesema watalala kwangu.

Kevo, flashi yako usiitafute kwangu. Iko kwa mama mzee wa kanisa, ameomba akamwonyeshe dada yake ile ya jana. Nilimkumbusha kwamba Anora pia imo humo ndani. Akasema anajua.